Viatu vya Mpanda Pikipiki

Mtu anunuapo pikipiki, macho yake hutazama tangi, taa na magurudumu. Ni nadra kuitazama miguu yake mwenyewe. Nami nilikuwa hivyo. Baada ya kutoka chuo cha ualimu na kufundisha miaka michache, nilichukua mkopo, nikanunua pikipiki ya kunipeleka shuleni kutoka nyumbani kwetu Kanyakine. Chombo hiki si cha ajabu tena kwetu. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya thamani katika pikipiki ndogo. Tangu hapo zimeenea vijijini, na kufika hata penye vijia vya mashamba ya kahawa na majani chai.

Udongo wetu, huku chini ya Mlima Kenya, ni mwekundu, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Niligundua upesi kwamba miguu ya mpandaji haikai bure. Wa kushoto hubadilisha gia, wa kulia hukanyaga breki ya nyuma, na chombo kikisimama miguu hiyo ndiyo nguzo yake. Kiungo chenye kazi nyingi hivyo hakistahili kuvishwa ndala.

Nilijaribu viatu vya namna tatu. Akala, ambazo hukatwa katika mipira ya magari, zina soli isiyoogopa mwiba, lakini vidole hubaki uchi mbele ya jiwe. Buti za mpira hushinda matope, lakini hulegea mguuni, hazishiki kifundo, huchemsha nyayo darasani, na zikigusa ekzosi yenye moto huyeyuka. Viatu vyangu vya kazi vilikuwa vya heshima, ila soli yake laini ilikimbia kikanyagio kama samaki akimbiavyo mkono.

Mwisho nilikwenda kutafuta buti fupi za ngozi katika mitumba. Nilikwenda jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo baada ya kutwa nzima, na kiatu kinachotosha asubuhi huweza kuwa pingu jioni. Nilivaa soksi nilizozoea. Niliikunja soli: iliyo ngumu mno humchosha atembeaye, iliyolegea kama kitambaa haimlindi apandaye. Nilitazama kama imeshonwa, au imebandikwa kwa gundi tu. Nilihakikisha kuwa ngozi inapanda juu ya kifundo, na kwamba kisigino kina ukingo wa kushika kikanyagio. Kamba nilizichomeka ndani zisinaswe na gia. Rangi nyeusi ilinifaa: nikipaka dawa ya viatu, naingia darasani bila aibu.

Nilijiona mwerevu. Siku moja ya mvua nilimpakia mama yangu kutoka sokoni. Alikuwa amevaa ndala. Sheria ya Kenya humtaka mpandaji na abiria wavae kofia ngumu na koti lenye kung'aa, nasi tulivaa. Kwa hiyo nilidhani kila kitu kimetimia. Katika mtelemko ndala yake iliyolowa iliteleza juu ya kikanyagio, na kifundo chake cha kulia kikaangukia ekzosi. Alishtuka, lakini hakulia. Nilipomwuliza alijibu, "Endesha tu, mwanangu, ni kitu kidogo."

Siku ya tatu nilimwona akichechemea uani. Alikuwa ameficha chini ya leso jeraha pana kuliko kiganja cha mtoto. Laiti ningalisimama palepale na kulimiminia maji baridi yasiyo barafu kwa dakika 20, moto ule usingalizama sana. Nilimwuliza kwa nini alinificha. Alisema, "Ulikuwa na furaha ya pikipiki yako, sikutaka kuiharibu." Maneno hayo yaliniunguza mimi.

Niliitazama miguu yangu: buti nzuri, imara, zilizochaguliwa kwa hesabu. Nilikuwa nimepima soli, kisigino na kamba, lakini nilipima mguu mmoja tu duniani, nao ni wangu.

Jeraha lilipona baada ya majuma mengi, likaacha kovu. Siku hizi mama ana viatu vyake vya ngozi vyenye kufunika kifundo. Huvivaa sokoni, kanisani na shambani, na husema vimempunguzia hata miiba. Naye hushuka upande wa kushoto, mbali na ekzosi, nami hushika breki mpaka asimame.

Kijana msomaji, wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimejifunza kwamba mara nyingine guu livunjikalo si la mkaidi, bali la yule aliyemwamini. Basi utakapochagua kiatu cha kupandia, chagua kinachofaa njiani na mbele za watu. Kisha, kabla ya kuwasha chombo, geuka nyuma utazame miguu ya abiria wako.