Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Methali hii niliikariri shuleni kama kasuku. Maana yake ilinifika mwaka 2019, katika hospitali moja mjini Chennai, India, seli shina zangu zilipotiwa katika mshipa wa ndugu yangu mdogo aliyeugua saratani ya damu.

Uwezekano wa ndugu wa baba na mama mmoja kulingana kikamilifu kwa upandikizaji huo ni 1 kati ya 4. Bahati ilituangukia. Kabla ya siku hiyo, dawa kali zilikuwa zimeuteketeza uboho wake. Kwa wiki kadhaa akawa karibu hana chembechembe nyeupe za kumlinda. Bakteria na kuvu ambao mimi nawe, msomaji, twaishi nao kwa amani, wangeweza kumwangamiza. Joto lake lilipofika nyuzi 38, wauguzi walikimbia.

Mama alipiga simu kutoka nyumbani. "Mbona humshiki mkono mwenzako?" Kwetu mgonjwa huzungukwa na jamaa. Nilitafuta maneno, nikayakosa. Hatimaye nikamjibu, "Mama, huku mapenzi ni kunawa mikono na kukaa mbali."

Damu mpya ilipoanza kuchipuka tulishangilia, kumbe mapema. Mwezi wa pili ngozi yake ilijaa vipele, akaharisha mfululizo. Daktari alitueleza kwamba chembechembe zangu ziliuona mwili wake kuwa adui. Dawa za kuzituliza nazo zikaidhoofisha kinga yake upya, na virusi vilivyokuwa vimelala mwilini mwake kwa miaka vikaamka. Nilijuta. Mgeni niliyemtuma kuponya amemgeukia mwenyeji!

"Usijilaumu," daktari aliniambia. "Wageni hao hao ndio wanaoziwinda seli za saratani zilizosalia."

Tulirejea nyumbani baada ya siku 100 na ushei. Ndugu yangu alichanjwa upya chanjo za utotoni, kwani kinga aliyokuwa nayo ilikuwa imepotea. Mama akasema amezaa mtoto yule yule mara mbili. Mlangoni aliweka ndoo ya maji na sabuni. Hata mjomba mwenye mafua alirudishwa kwa heshima.

Leo ndugu yangu yu hai. Methali ningali naiamini, lakini sasa, kabla ya kwenda kumjulia hali mgonjwa, hujiuliza kwanza nimebeba nini mikononi.