Mzee Aende Wapi?

Jamani, mtu achimbe makaa ya mawe tangu utotoni, halafu siku nguvu zikimwishia aambiwe arudishe ufunguo wa nyumba. Aende wapi? Durham, kaskazini mwa Uingereza, ndivyo mambo yalivyokuwa karne ya 19. Nyumba zilikuwa kota za wenye migodi: huna kazi, huna nyumba. Kilichobaki ni kubanana na wanao, au kuingia nyumba ya maskini, ambako mara nyingi mume alitengwa na mkewe. Yaani mnaachanishwa uzeeni!

Joseph Hopper hakuwa tajiri. Alikuwa mchimbaji, tena mhubiri wa Kimethodisti, akazunguka kuwasihi wenzake wachange kidogo kidogo kutoka mishahara yao. Mwaka 1898 chama kikaundwa, na 1899 wakafungua nyumba za kwanza Haswell Moor, zilizoachwa mgodi wa hapo ulipokufa.

Watu huita hii sadaka. Mimi naona neno hilo halitoshi. Kijana wa miaka 20, mwili bado chuma, anatoa senti zake ili mzee asiyemjua apate jiko na mlango wake mwenyewe! Nimejaribu mara tatu kumweka kijana huyo katika riwaya yangu. Kila siku ya mshahara analalamika, nami namwacha alalamike, maana senti anatoa.

Mgodi wa Easington, mkoani humo, ulifungwa 1993. Wachangaji wa namna ile wamekwisha. Chama kiliendelea kujenga nyumba za chini, zisizo na ngazi, na wazee wanaishi humo.