Dumu la Saa 24

Jumamosi, 9 Machi 2024, Tukuyu

Nimerudi kutoka kwa daktari na dumu la lita tatu. Mkojo wa kwanza wa kesho asubuhi niumwage chooni na kuandika saa. Kuanzia hapo kila tone liingie humu, mchana na usiku, hadi ule wa kwanza wa keshokutwa, saa ileile. Ndani kuna asidi kidogo ya haidrokloriki, ili kalsiamu isigande na kung'ang'ania chombo. Nikinge kwanza kwenye kopo, kisha nimimine taratibu. Miaka yote nawakataza kidato cha tatu kuichezea asidi hiyo, leo nalala nayo chumba kimoja.

Ultrasaundi ilishaonyesha kijiwe kwenye figo ya kushoto. Daktari anataka kujua kinatengenezwa na nini. Mkojo wa mara moja haumtoshi, kwa sababu kalsiamu hupanda na kushuka kufuatana na nilichokula.

Jumapili, 10 Machi

Nimeanza saa 12:20 asubuhi. Kanisani sikwenda, dumu ningelibeba vipi?

Mzee jirani kaja kunijulia hali. "Ndaga, mwalimu. Acha maziwa, mwanangu. Hicho kijiwe ni chokaa tu." Nikamshukuru, sikubishana naye. Lakini hapa nabisha. Vijiwe vingi ni kalsiamu iliyoshikana na oksaleti, na oksaleti tunaila kwenye mchicha na kuinywa kwenye chai ya rangi. Maziwa yakiwa kwenye mlo huohuo, kalsiamu yake huinasa oksaleti tumboni na vyote vikatoka na choo, figo isione kitu. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia wanaume zaidi ya 45,000. Matokeo yao ya 1993 yalionyesha kwamba waliokula kalsiamu nyingi kwenye chakula ndio waliopata vijiwe kwa uchache. Ng'ombe wetu abaki.

Mvua haijakata tangu alfajiri. Hapa Tukuyu mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na kwa baridi hii nani anakumbuka kiu? Maji yapo kila upande, hatuyanywi. Saa kumi jioni dumu bado jepesi. Nilitamani kubugia jagi zima lionekane la maana, mke wangu akanizuia: "Unampima nani sasa, wewe au mgeni?"

Jumatatu, 11 Machi

Nimefunga saa 12:20. Dumu ndani ya mfuko mweusi, mfuko ndani ya kapu, maparachichi juu. Kwenye Kosta ya Mbeya, tukiwa Kiwira, kondakta akalisogeza kapu kwa mguu. "Mwalimu, hiyo pombe ya kimpumu unampelekea nani?" Abiria wakacheka. Nikamwambia ni ya daktari. Kweli tupu.

Jumatatu, 18 Machi

Majibu. Mkojo wote lita 1.1, wakati mwenye vijiwe anatakiwa atoe angalau 2.5. Kreatinini inaonyesha nilikusanya wote, sikudokoa. Kalsiamu miligramu 342. Kwa mwanaume mpaka ni kama 300. Sodiamu nayo juu sana, na hiyo ndiyo iliyomfanya daktari aweke kalamu chini. Figo ikitoa chumvi, kalsiamu hufuata: kila gramu 6 hivi za chumvi huondoka na miligramu 40 za kalsiamu. Nikakumbuka kidishi cha chumvi ninachowekewa pembeni ya ndizi za kuchemsha, na dagaa wa Matema wa kila wiki.

Hakunikataza maziwa hata kidogo. Chumvi ipungue nusu, maji hata wakati wa mvua, kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu. Ila ameongeza karatasi ya damu: kalsiamu na homoni ya parathiroidi, vile vitezi vinne vya shingoni. Kimoja kikizidisha kazi, hunyonya kalsiamu kutoka mifupani na kuimwaga kwenye damu, nami naweza kuacha chumvi yote nisipone. Hilo sikuwa nimelifikiria. Damu natoa Alhamisi.

Kidishi mke wangu keshakificha. Nimekitafuta.