Tairi Nalo Lina Umri



Juma hili ningependa tuzungumze juu ya jambo ambalo ni nadra kutajwa barazani, na jikoni halitajwi kabisa, nalo ni matairi ya gari la nyumbani. Yamkini mama mwenye nyumba akifika hapa atataka kufungua ukurasa mwingine, akisema kuwa hayo ni mambo ya wanaume na mafundi wao. Mimi naandika hasa kwa sababu ya kauli hiyo. Anayekaa kiti cha nyuma ubavuni mwa watoto, aghlabu ni mama. Anayejua gari litabeba watu wangapi siku ya arusi, na masufuria mangapi, ni yeye pia. Haielekei, basi, kuwa kitu kinachowabeba wote hao kichaguliwe bila yeye kujua hata swali moja la kuuliza.

Gari, liwe la thamani gani, huigusa ardhi kwa mahali panne tu, na kila mahali ni kiasi cha kiganja cha mtu mzima. Breki njema, usukani mwepesi na dereva mtulivu, vyote hufanya kazi kupitia viganja vile vinne. Vikikosa kushika barabara, yaliyobaki hayafai kitu.

Nyumbani kwetu tuna Toyota Noah. Asubuhi hupeleka watoto skuli, alasiri huwapeleka madrasa, na siku za arusi na matanga hubeba ukoo mzima. Mwaka huu, masika yakikaribia, nililipeleka kwa fundi kwa ajili ya breki. Alipolipandisha juu ya jeki akaniita, "Maalim, hebu njoo utie kidole hapa." Matairi mawili ya mbele yalikuwa yamekaribia kuwa kipara. Ndani ya mifereji ya tairi mna vituta vidogo vya mpira vilivyowekwa kiwandani, vyenye kimo cha milimita 1.6. Tairi likilika hata likalingana na vituta hivyo, limekwisha kazi. Jipya huwa na kina cha milimita kama 8, na wataalamu wengi hushauri libadilishwe mapema, likifikia milimita 3, khasa penye mvua nyingi. Ya kwetu yalikuwa yamelingana.

Msomaji asiye na gari huenda akauliza, meno hayo yana faida gani? Faida yake huonekana mvua inaponyesha. Mifereji ile ndiyo njia ya maji kutoka chini ya tairi. Ikiwa hakuna njia, maji hujikusanya mbele ya tairi, na gari likiwa na mwendo hupanda juu ya maji na kuelea mfano wa mtumbwi. Hapo usukani hugeuka na gari lisigeuke, na breki hukanyagwa na gari lisisimame. Nasi watu wa pwani tunazijua mvua zetu, zinavyoweza kuigeuza barabara kuwa mto kwa muda wa nusu saa.

Tulikuwa na safari ya arusi, kutoka Mombasa hadi Malindi, baada ya wiki tatu. Fungu la fedha tulilokuwa nalo lilikuwa dogo. Nilikwenda na mama watoto kwa muuzaji mmoja wa matairi, naye akatupa rai iliyopendeza sikioni. Kwa fedha zile zile, alisema, angetupatia matairi manne yaliyotumika, kutoka Japani, yenye meno marefu, na gari lote lingependeza. Yalikuwa yamepangwa juu ya kibao, meusi, yanang'aa. Mimi nilikuwa nikiyatazama meno. Mama watoto akauliza swali moja tu: "Haya yametengenezwa lini?"

Muuzaji akacheka. "Mama, tairi si maziwa, haliharibiki."

Tairi huharibika. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala ghalani, na jua na joto huuzeesha upesi zaidi. Hupoteza ulaini wake, ukapasuka nyufa nyembamba ubavuni, na zile tabaka za nyuzi na waya zilizo ndani hulegea polepole. Kwa nje tairi laweza kuwa na meno kama jipya. Kampuni nyingi za magari na matairi husema kuwa tangu mwaka wa 5 au wa 6 tairi likaguliwe kwa makini au libadilishwe, na likitimia miaka 10 liondolewe hata kama sura yake ni nzuri.

Umri huo haufichwi. Ubavuni mwa tairi pana herufi DOT, na mfululizo wa herufi na tarakimu unaozifuata huishia kwa tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mfumo huu wa tarakimu nne umetumika tangu mwaka 2000. Pengine mfululizo huo kamili huandikwa upande mmoja tu, ikabidi kuligeuza tairi. Mama watoto aliwasha tochi ya simu yake, akaomba moja ligeuzwe, akasoma: 0715. Yaani wiki ya 7 ya mwaka 2015. Tairi lile lilikuwa rika moja na binti yetu aliye gredi ya nne.

Tena halikuwa na umri tu. Ubavuni palikuwa na mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Alama hiyo maana yake ni kuwa tairi limeundwa kwa baridi kali na theluji. Mpira wake hufanywa laini makusudi ili usigande wakati wa theluji. Huko Hokkaido ni neema kubwa. Hapa kwetu, juu ya lami ya saa saba mchana, hulika upesi na kulegea kwenye kona. Magari mengi tunayoyapata hutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika, na mengine huja yamevaa matairi ya namna hiyo. Mwenye kununua gari na aitafute alama ile kabla hajafurahia meno marefu.

Muuzaji hakukata tamaa. Akatoa mengine, mapya haya, ya bei nafuu, akasema, "Haya yanaingia rimu yako bila taabu." Ni kweli yangeingia. Lakini hapa pana hesabu ambayo kila nyumba ingefaa kuijua. Tairi la gari letu huandikwa 195/65 R15 91, kisha herufi ya mwendo. Namba 195 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, asilimia 65 ya upana huo. R ni namna lilivyosukwa ndani, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ile 91 ndiyo mzigo, na maana yake ni kuwa tairi moja limehesabiwa kubeba kilo 615. Yale aliyotuonyesha yaliandikwa 185/65 R15 88. Rimu ni ile ile ya inchi 15, lakini 88 ni kilo 560. Tofauti ya kilo 55 kwa kila tairi, mara nne, ni kilo 220, sawa na watu wazima watatu. Nalo gari letu siku ya arusi hujaa viti vyote, na shangazi mmoja hakosi kuja na mizigo yake.

Tukarudi nyumbani tukakaa. Matairi ya nyuma yalikuwa bado mazima. Meno yake yalitosha, ubavu haukuwa na ufa, na tarakimu zake zilisoma 3521. Hoja ikawa hivi: je, tununue manne ya zamani kwa fedha tulizonazo, au mawili mapya, yenye kipimo chetu na mzigo wetu, ambayo yangehitaji kuongeza? Mawili mapya yalipata ushindi kwa hoja, lakini nyongeza haikuwapo. Mama watoto akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ipo ile ya sare." Wanaozijua arusi zetu wanajua maana ya maneno hayo. Wenzake wote walikuwa wamekwisha kata nguo ya rangi moja. Nililichukua fungu lile kama deni, nikaliandika, maana mali ya mke ni yake, nami nimekwisha lilipa, alhamdulillahi. Lakini siku ya arusi yeye alivaa gauni la Idi iliyopita katikati ya sare ya wenziwe, na walioulizana kwa macho waliulizana. Kuna sadaka ambazo hazionekani na mtu ila wale waliofika salama.

Matairi mapya yalipofika kwa fundi, kijana wake alitaka kuyafunga mbele, kwa kuwa gari letu huvutwa na magurudumu ya mbele, na wengi wetu hudhani hivyo ndivyo. Mzee wa karakana akamzuia. Akaniambia, "Sheikh wangu, la mbele likiteleza utalihisi mkononi, utaondoa mguu kwenye mafuta, gari litarudi njiani. La nyuma likiteleza, gari hugeuka kabla hujajua." Hivyo ndivyo wanavyoshauri watengenezaji wa matairi pia: yakinunuliwa mawili tu, mapya hufungwa nyuma, na yale yenye meno ya kutosha husogezwa mbele. Kisha akayafanyia balansi na alaimenti, kwani tairi jipya kwenye gari lililopinda miguu hulika upande mmoja kabla ya miezi mingi kupita.

Mzee yule aliongeza jambo la upepo, nami nalipeleka kwenu kama alivyonipa. Kiasi cha upepo kinachofaa hakikisiwi kwa kupiga teke. Kimeandikwa kwenye kibandiko, aghlabu kwenye fremu ya mlango wa dereva, na mara nyingine pana kiasi kingine kwa gari lililojaa. Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi, maana likikwisha kwenda mwendo hupata joto na kipimo hupanda. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavu kila linapozunguka, likajipasha moto, na chini ya mzigo mkubwa na jua la mchana hupasuka. Watu husema tairi limepasuka ghafla. Aghlabu lilikuwa likijiandaa tangu siku nyingi. Na spea nayo isisahauliwe. Nimeona spea ambayo haijagusa barabara hata siku moja, nayo imepasuka nyufa kwa uzee, haina upepo, na mwenyewe akiihesabu kuwa ndiyo tegemeo lake.

Neno langu kwa ndugu wafanya biashara ni fupi. Tuliosoma milango ya biashara madrasani tunajua kuwa aliyenunua kitu, kisha akakuta ndani yake kasoro ya kabla ya mauzo ambayo hakuambiwa, ana haki ya kukirudisha. Tairi kuukuu likipakwa dawa ya kung'arisha ili nyufa zisionekane, hiyo ni kasoro iliyofichwa, na kinachouzwa hapo si mpira peke yake. Sisemi kuwa kila tairi lililotumika ni haramu kuuzwa wala kununuliwa. Wapo watu ambao hali yao haiwaruhusu jingine. Nasema mwenye kuuza na aseme umri wake, na mwenye kununua na aulize. Likiwa la miaka mitatu, halina kiraka ubavuni, na kipimo chake ni cha gari lako, hilo ni jambo jingine kabisa na tairi la miaka kumi lililooshwa.

Na kwenu akina mama nina ombi jepesi. Juma hili, kabla watoto hawajapanda gari, iwe ni la nyumbani au lile la skuli mnalolilipia kila mwezi, chukueni tochi ya simu mtazame ubavu wa tairi. Someni tarakimu nne za mwisho. Ingizeni kidole ndani ya mfereji mkitafute kile kituta. Mkiona mashaka, ulizeni kwa adabu, na jibu la kwamba hayo si mambo yenu msilikubali. Wanaobebwa ni watoto wenu, na kuwalinda ni amana iliyo juu ya baba na mama sawasawa.

Mwenyezi Mungu azilinde safari zetu, na azifikishe familia zetu makwao salama. Wabillahi tawfiq.