Bastola Chini ya Koti

Katika mjadala wa Chama cha Kiswahili muhula uliopita tuliulizana kama ni vyema raia kutembea na bastola aliyoificha nguoni. Upande wa kuunga mkono ulishinda kwa makofi na vifijo. Mimi nilikuwa mtunza saa tu, na mtunza saa haruhusiwi kuchangia. Leo kalamu ninayo, basi na niseme, kwa maana jambo hili liko nyumbani kwetu. Mjomba wangu anayo bastola.

Mjomba ana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Jioni moja, alipokuwa akifunga hesabu, majambazi walimvamia, wakamfunga kamba, wakabeba mauzo ya wiki nzima na kumwachia kovu kichwani. Baada ya hapo ndipo alipoomba leseni. Si mchezo, jamani! Katiba yetu ya 2010 haimpi mtu haki ya kumiliki silaha. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwombaji awe na sababu ya kutosha na awe mtu anayefaa kuaminiwa nayo. Hata ukishapewa, waweza kupokonywa. Mnamo Desemba 2018 Serikali iliamuru raia wote wenye silaha wachunguzwe upya, na mjomba naye akapanga foleni.

Sitaki kumkejeli. Mtu aliyewahi kufungwa kamba ndani ya duka lake mwenyewe ana haki ya kuogopa, na polisi hawawezi kusimama mlangoni kwa kila mwenye duka. Tena wanaounga mkono wana mfano mzito, nao ni Westgate. Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipovamia jumba hilo la maduka kule Westlands, Nairobi, miongoni mwa watu wa kwanza kuingia kuokoa walikuwa raia wenye bastola za leseni, pamoja na polisi wachache wasiovaa sare. Mmoja wao, Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa Seneta wa Garissa, alikwenda kwa sababu ndugu yake alikuwa ndani. Akaishia kuwatoa watu asiowajua kabisa, wakiwemo akina mama na watoto. Watu 67 waliuawa katika mkasa ule. Nani atabisha kwamba wangekuwa wengi zaidi?

Lakini hebu tuitazame siku ile ile kutoka upande wa pili. Katika vurumai hiyo, kamanda mmoja wa kikosi cha Recce cha GSU aliuawa kwa risasi za wanajeshi wetu wenyewe, waliomdhania adui. Huyo alikuwa askari kazini. Je, mjomba wangu na koti lake la kahawia, bastola mkononi, nani angemtambua kuwa ni mtu mwema?

Na siku kama ile ni moja. Siku zilizobaki bastola hufanya nini? Hapo ndipo wenzangu wa mjadala waliporuka kama hawakuona.

Krismasi iliyopita mjomba alikuja kwetu mashambani. Jua lilikuwa kali hata kuku wakalala chini ya gari, lakini yeye hakuvua koti. Watoto wadogo waliozoea kumrukia mgongoni walizuiwa na mama kwa jicho tu. Kuoga, alienda nayo bafuni. Muratina hakuonja hata tone. Mama alipomwambia aifungie ndani ya gari, alijibu, "Dada, wakilivunja gari je? Si nitakuwa nimewapa majambazi silaha kwa mkono wangu?" Usiku alijifungia chumbani kwa ufunguo, na asubuhi macho yalikuwa mekundu. Alisema kitu kile alikinunua kimlinde, sasa yeye ndiye askari wake.

Kisha kuna hasira. Tukirudi mjini naye, matatu ilituchomekea na kuvunja kioo cha pembeni. Mjomba ninayemjua mimi angeteremka, wagombane na makanga mpaka watu wajae, halafu wacheke waachane. Siku hiyo aliketi kimya, mikono juu ya usukani, akaiacha iende. Aliniambia kwamba makanga akimshika koti na kukigusa kilichomo, mambo yataharibika. Hiyo ni busara, nakubali. Ila si kila mwenye bastola ana busara ya mjomba.

Marekani zaidi ya nusu ya majimbo yote 50 humruhusu mtu mzima kubeba bastola iliyofichwa bila kibali, na mwaka wa 2022 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba kubeba silaha nje ya nyumba kwa kujilinda ni haki ya raia. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki nchini humo ni vya watu waliojiua wenyewe. Hapo hakuna jambazi wala gaidi. Kuna mtu na huzuni yake, na silaha iliyokuwa karibu.

Sisemi mjomba apokonywe. Nasema leseni iendelee kuwa ngumu, na uchunguzi urudiwe, kwa maana mtu wa leo si lazima awe yule wa mwaka ujao. Mama naye amekata shauri lake. Krismasi ijayo ndugu yake anakaribishwa, lakini bastola ibaki kwenye sefu dukani. Alimpigia simu mwezi jana kumweleza hivyo. Mjomba alisema atafikiria, na hadi ninapoandika haya hajajibu.