AKIBA YA MOTO NA UPEPO

Mtu akitaja akiba, mara moja sisi huwaza fedha zilizowekwa benki, ama mahindi ghalani, ama maharage yaliyochanganywa na majivu ili wadudu wasiyale. Ni wachache wanaowaza kwamba moto nao waweza kuwekwa akiba, na upepo vilevile. Jambo hili nimelifikiri sana tangu tulipoanza kusoma habari za nishati katika somo la Fizikia. Naomba nafasi katika gazeti letu nilieleze kama nilivyolielewa, kwa kuwa nimeona kwamba linahusu jiko la mama yangu zaidi ya linavyohusu karatasi ya mtihani.

Nianze na upepo. Njia panda ya Nyakanazi, wilayani Biharamulo, yajulikana na kila dereva wa lori aendaye Rwanda au Burundi. Hapo wapo mafundi wa pancha wengi, na mmoja wao ni mzee ambaye wakati wa likizo hunipa kazi ndogo ndogo. Mzee huyu ana kompresa yenye tangi la chuma. Umeme ukiwapo, hujaza tangi hata geji ifike alama yake, ndipo huzima. Siku moja umeme ulikatika tangu asubuhi, na mwenye gari dogo akaja na tairi lililolala. Nilidhani tutamwambia aende kwingine. Mzee akacheka, akavuta mpira wake, akajaza tairi lile na la pili.

Akaniambia, "Mwanangu, mwenye pampu peke yake umeme ukiondoka hukunja mikono. Mimi ninayo matairi matatu manne ndani ya chuma hiki."

Naam, mzee hakusoma kitabu cha nishati, lakini jambo alilolisema ndilo lile lile wanalolifanya wataalamu wa nchi kubwa. Alitumia umeme ulipokuwapo, akaufungia ndani ya tangi kwa sura ya upepo, kisha akautoa ulipohitajiwa. Hata malori yenyewe yapitayo hapo yachukua akiba ya namna hiyo. Dereva wa lori la breki za upepo haondoki asubuhi kabla geji haijapanda, maana yale matangi yaliyo chini ya gari ndiyo nguvu ya breki zake. Atakapoteremka milima ya Ngara kuelekea mpakani Rusumo, hatategemea nguvu ya mguu wake. Atategemea upepo uliowekwa kabla.

Lakini akiba hii ina mwizi. Siku nyingine mzee alinishikisha bomba litokalo kwenye pampu kwenda kwenye tangi, nikaondoa mkono upesi kwa joto. Kisha akaniwekea mkononi upepo utokao katika mpira, nao ulikuwa baridi. Kila mwenye baiskeli alijua hili pia: ukijaza gurudumu kwa haraka, pampu huwa moto. Mwalimu wetu alitueleza sababu yake. Hewa ikisongwa, kazi ya kuisonga hugeuka kuwa joto. Joto lile halikai; hupenya chuma likapotea. Baadaye hewa ikifunguliwa hutanuka, na katika kutanuka hupoa, na nguvu yake hupungua. Kwa hiyo mtu awekaye upepo bila kuweka joto lake ni kama mtu aliyevuna karanga akatupa nusu yake shambani.

Wenzetu wa Ujerumani waliliona jambo hili kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1978, mahali paitwapo Huntorf, walifungua kituo cha umeme cha megawati 290 kinachotumia hewa iliyosongwa. Tangi lao si la chuma; ni mapango mawili yaliyochimbwa katika mwamba wa chumvi chini sana ya ardhi. Usiku, watu walipolala na umeme ukawa mwingi, hewa ilisukumwa mapangoni. Saa za kazi ilifunguliwa izungushe mitambo. Walakini, kwa kuwa joto la kusonga lilikwisha kupotea, iliwabidi kuwasha gesi ili kuipasha hewa moto tena kabla haijazungusha mitambo. Marekani nao walijenga kituo cha namna hiyo huko McIntosh, katika jimbo la Alabama, mwaka 1991, chenye megawati 110, na gesi huwashwa huko pia. Tangu hapo wataalamu wanahangaika kutafuta jinsi ya kulishika lile joto na kuliweka kando ndani ya mawe au chumvi au maji, ili lirudishwe kwa hewa wakati wa kutoka. Ndipo utakapoona kwamba moto na upepo ni ndugu. Ukimtenga mmoja, mwingine hudhoofika.

Nao mababu zetu wa nchi hii walijua undugu huo. Wahunzi wa Buhaya na wale wa Uzinza waliyeyusha chuma kwa makaa ya miti na mivukuto ya ngozi, nao walipitisha upepo katika mirija ya udongo. Mwaka 1978, mwaka ule ule wa kituo cha Huntorf, wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika kwamba katika tanuri za Buhaya mirija iliingizwa ndani kabisa, hata upepo ukapata moto kabla haujayafikia makaa. Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya jambo hili. Lakini ubishi huo ni wa heshima, kwa kuwa watu wazima wa vyuo vikuu wanaketi kupima akili ya mhunzi wa Kagera.

Sasa nije kwenye moto. Chukua ndoo ya maji ya lita 10 yenye joto la nyuzi 20, uyapashe mpaka nyuzi 95, ambayo ndiyo karibu kiasi cha kuchemka katika nchi yetu ya juu. Umeweka ndani yake kilojuli 3,150 hivi. Ikiwa nguvu hiyo yote ingeweza kutumiwa kuinua ndoo ile ile, ingeipandisha kilometa 32 angani, yaani zaidi ya mara tano ya urefu wa mlima Kilimanjaro. Upepo wote ulio katika gurudumu moja la baiskeli haufikii hata kilojuli moja. Ni kweli kwamba joto ni kaidi, halikubali lote kugeuka kuwa kazi ya kuinua au kusukuma. Lakini anayetaka joto lenyewe, kama mpishi, hana haja ya kuligeuza. Kwake yeye sufuria iliyochemka ni ghala.

Hapa ndipo jambo linapogusa nyumba yetu. Sisi twakaa kijijini katika wilaya ya Ngara. Kuni ziko mbali. Wazee hutuambia kwamba zamani hazikuwa mbali hivyo. Tarehe 28 na 29 Aprili, 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kabla ya wiki kwisha. Watu wale walihitaji kupika kama sisi. Hawakuwa na kosa kwa kukata miti. Mtoto mwenye njaa hangojei mche ukue. Lakini milima ilibaki uchi, na sisi wenyewe tuliokuja baadaye tumeendelea kukata. Kwa hiyo mdogo wangu wa darasa la tano alikuwa akienda kuni Jumamosi, tena na siku moja katikati ya wiki, na siku hiyo kiti chake darasani kilikaa kitupu. Mwaka jana alipewa ripoti iliyoandikwa kwamba ana akili lakini hahudhurii. Mama aliisoma akanyamaza, akaikunja, akaiweka chini ya mkeka.

Likizo iliyofuata nilimwomba mama ruhusa ya kujaribu. Tulichukua kapu kubwa la kubebea ndizi, tukalijaza majani makavu ya mgomba pande zote, tukaacha shimo la kutosha sufuria, na juu tukatengeneza mto wa nguo kuukuu. Maharage tuliyaloweka usiku kucha. Asubuhi tuliyachemsha kwa nguvu robo saa na zaidi, maana maharage yasiyochemshwa barabara huumiza tumbo, kisha tukaitia sufuria kapuni na kifuniko chake, tukaifunika. Moto tukauzima. Mama alikwenda shamba, lakini najua alikuwa akilifikiria kapu, kwa sababu alirudi mapema. Saa nne zilikuwa zimepita. Alipofunua, mvuke ulimpiga usoni. Maharage yalikuwa yameiva, ila machache. Tuliyarudisha motoni kidogo tu.

Nisiseme kwamba kila kitu kilikuwa chema. Ugali haupikiki kapuni, kwa kuwa wataka mkono na mwiko. Jirani mmoja alituuliza kama tunalalia mayai. Na bibi yangu alitoa hoja ambayo sikuwa na jibu lake siku ile. Alisema, "Moto wenu mmeufungia kapuni. Na mimi mzee nitaota nini jioni?" Hapo nilikumbuka kwamba moto wa mafiga haupiki tu. Hupasha chumba, huangaza, hukausha mahindi ya darini, tena hukusanya watu. Mtaalamu ahesabuye kuni za maharage peke yake amesahau mgongo wa bibi.

Jibu tulilipata katika matofali. Jioni, ugali ukipikwa, twaweka matofali mawili ya kuchoma kando ya moto. Baadaye twayafunga kwa gunia, moja laenda miguuni pa bibi, nalo hukaa na joto mpaka usiku wa manane. Jiwe la mtoni halifai, kwa kuwa likiwa na maji ndani laweza kupasuka motoni na kumjeruhi mtu. Baadaye nilisoma kwamba huko Finland, katika mji wa Kankaanpää, mwaka 2022 walijaza mchanga tani 100 katika pipa refu la chuma, wakaupasha kwa umeme mpaka nyuzi mia tano na zaidi, na joto lake hupelekwa majumbani wakati wa baridi. Nako Morocco, kituo cha Noor I karibu na Ouarzazate, kilichofunguliwa mwaka 2016, huyeyusha chumvi kwa joto la jua la mchana, na chumvi hiyo huendelea kuzalisha umeme kwa muda wa saa tatu baada ya jua kutua. Nilimweleza bibi kwamba Finland wana tofali kama lake, ila kubwa. Akauliza kama nao wamezeeka.

Kuni sasa hutufikisha siku tano pale zilipotufikisha siku tatu. Mdogo wangu huenda Jumamosi tu. Kuni bado ni nzito na njia bado ni ndefu, lakini ile siku ya katikati ya wiki amerudishiwa.

Yako mambo makubwa kuliko kapu, nayo yanatukaribia. Huko Rusumo, katika wilaya yetu, upo mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Haukujengewa ziwa kubwa la kuwekea maji. Maji ya mto Kagera huja na kupita, mchana na usiku, tuwe macho au tumelala. Atakayejua kuweka nguvu za usiku ili zitumike mchana, au za jua ili zitumike usiku, atakuwa ameifanyia nchi hizi tatu kazi kubwa. Huenda mtu huyo yuko katika shule yetu, akiwa ameketi nyuma na kuchoka na kanuni za joto.

Basi, wanafunzi wenzangu, nawasihi tusizikariri kanuni hizo kwa mtihani tu. Na ninyi wazazi mnaosoma gazeti hili, kapu mnalo, majani ya mgomba mnayo, na maharage mnapika kila siku. Jaribuni mara moja. Fundi wetu wa pancha nimemwonyesha makala haya kabla ya kuyaleta kwa mhariri. Alisoma polepole mpaka mwisho, akaniuliza ikiwa lile tangi la Wajerumani lilipata kutoboka, na fundi wao alipitia wapi kuliziba.