Feni ya shemeji ilikuwa na kosa gani?

Nina hasira, na hasira yenyewe ni ya feni. Shemeji yangu ana Hilux ya 2.8, dizeli, kabini moja, ile ambayo wakubwa wa kwetu Uvira wanaijua kwa mlio kabla haijakata kona. Ndiyo inayolisha duka lake hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi. Aliipeleka Lilongwe kwa sababu feni ilikuwa inavuma mno. Ikarudi imenyofolewa feni ya injini, na mahali pake imefungwa feni ya umeme iliyotoka kwenye Mazda Demio. Dashibodi ikatobolewa tundu, ikawekwa swichi nyekundu. "Shemeji, sasa itakula mafuta kidogo," akaniambia, uso umejaa furaha. Haukupita muda akawa amekaa kando ya barabara ya Salima, boneti juu, maji ya rejeta yanamwagika kwenye lami.

Huo ndio mtindo wa Lilongwe siku hizi, na sababu yake naielewa. Foleni za mafuta hapa zimekuwa sehemu ya maisha: magari yanalala kituoni, madereva wanalala ndani, na watoto wanapita dirisha kwa dirisha na mayai ya kuchemsha. Novemba 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44 kwa mkupuo, na kila kinachotoka nje, kuanzia dizeli hadi mkanda wa feni, kikapanda bei. Hapo fundi akikuambia ana dawa ya kupunguza ulaji wa mafuta, unampa ufunguo kabla hajamaliza kusema. Na dawa yenyewe iko tele. Magari madogo ya Kijapani yaliyokufa yanachinjwa kila siku kwenye yadi za spea, na feni zake zinatundikwa mlangoni, moja moja, mbili mbili, zikiwa bado na kava ya plastiki na vipande vya nyaya vinavyoning'inia. Unachagua, fundi anaigusisha kwenye betri palepale, inapuliza vumbi mpaka unafumba macho, unalipa.

Kwamba inapuliza, sikatai. Kinachoniudhi ni jinsi ilivyojaribiwa. Shemeji alinisimulia: wakafunga feni, wakawasha injini, wakaiacha ingurume pale yadini karibu nusu saa huku wanakunywa soda. Mshale wa moto haukusogea. Fundi akapangusa mikono. "Mwaona, achimwene?" Na shemeji akaona, akalipa.

Jamani, dizeli ikinguruma imesimama haichemshi! Injini ya petroli ina mlango wa kuibania hewa, hii haina. Inavuta hewa tele wakati wote, na ikiwa haina kazi, pampu inaipulizia mafuta kidogo sana. Asubuhi ya Julai hapa, baridi ikiwa imeshika, unaweza kuiacha inanguruma na mshale ukakataa kupanda kabisa. Wangeondoa feni zote mbili siku ile, lile jaribio lingefaulu vilevile.

Moto wa dizeli unatokana na mzigo. Ziwa Malawi liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na Lilongwe iko kwenye mita 1,050. Katikati kuna ukingo wa Bonde la Ufa, na shemeji anaupanda kuelekea Mvera akiwa na magunia ya dagaa wa usipa na mchele nyuma. Mzigo wake haujawahi kuwa mdogo. Kambi ilifunguliwa 1994 kwa watu 10,000 hivi, leo tumepita 50,000, na sisi wa Ziwa Tanganyika tukikosa ndagala lazima tupate usipa. Hapo Hilux inapanda kwa gia ya pili, injini inalia, mwendo wa baiskeli, upepo unatoka nyuma. Hewa ya safari haitoshi kupoza kitu. Hapo ndipo feni ya injini inapofanya kazi yake kubwa kuliko zote, maana injini ikizunguka kasi nayo inazunguka kasi. Feni ya Demio ina kasi yake ileile iliyopangiwa injini ndogo ya petroli, hata mlima uwe wa namna gani. Na ile swichi nyekundu! Mtu anakwepa malori, anatazama mzigo kwenye kioo, anabadili gia, na juu ya hayo yote akumbuke kuwasha feni kwa kidole.

Gasketi imeungua. Hedi ilipelekwa mashineni kusawazishwa, na tunamshukuru Mungu haikupasuka, kwa sababu hedi za injini hizi zikichemshwa vibaya hupasuka, na kwa kwacha ya leo hedi nyingine ingemeza mtaji wa duka.

Kwetu, nani angethubutu kutoa feni ya injini? Mlima wa Ngomo ungemuumbua kabla ya saa sita mchana. Uvira iko pale ziwani, mita 770 na kitu, joto lake mnalijua. Bukavu iko juu kwenye mita 1,500. Chochote kinachotoka Kamanyola kwenda huko kinapimwa pale Ngomo, na ninyi mliopanda Ngomo juu ya magunia mnayakumbuka yale mabidoni ya maji yaliyofungwa ubavuni mwa lori.

Ila mafundi wetu nao wana lao, na lazima niliseme. Klachi ya feni ikichoka, hawaulizi. Wanatoboa, wanapitisha bolti, feni inashikana moja kwa moja na pampu ya maji, inazunguka wakati wote kwa mvumo unaosikika mtaa wa pili. Mafuta yanaliwa, beringi ya pampu inakufa mapema. Gari linafika Bukavu, basi, mambo yamekwisha. Lilongwe wanaing'oa klachi bila kujua kazi yake, kwetu tunaitoboa bila kujua kazi yake, na kifaa chenyewe ni cha akili kuliko sisi sote.

Ni kikombe cha alumini kilichokaa katikati ya feni, ndani kina mafuta mazito ya silikoni. Mbele yake kuna springi bapa iliyojikunja, ya metali mbili zilizogandana. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya baridi, springi inafunga njia ya mafuta, na feni inateleza, inajizungukia polepole. Hewa ikipata moto, springi inajipinda, njia inafunguka, mafuta yanaingia, na feni inashikwa. Hakuna waya hata mmoja. Kwa hiyo gari likiwa linatembea kwenye tambarare ya M1 kuelekea Lumbadzi, feni hiyo inailia injini nguvu kidogo sana. Mafuta ambayo fundi aliahidi kuyaokoa, kiwanda kilishayaokoa zamani. Feni ya shemeji ilivuma muda wote kwa sababu klachi ilikuwa imekwama. Dawa yake ilikuwa klachi nyingine.

Na umeme nao una bei yake. Feni ya kuitosha dizeli ile ikipanda na mzigo inataka ampea 25 hivi, yaani wati 300. Altaneta za magari ya umri ule nyingi ni za ampea 40 hadi 60. Taa mbili za mbele peke yake zinakula kama ampea 10. Ongeza waipa za mvua ya Januari. Ongeza simu ya kila abiria anayekaa mbele. Halafu altaneta yenyewe inazungushwa na mkanda wa injini hiyohiyo, na sehemu kubwa ya nguvu inayopokea inapotea kama joto kabla haijawa umeme. Mzigo ulioutoa mlangoni umeuingiza dirishani.

Shemeji alifungiwa waya mwembamba, wa kufaa spika ya redio. Rilei hakuna. Fyuzi hakuna. Nilipoubandua ule utepe mweusi nikakuta plastiki ya waya imeyeyuka na kugandana na bomba la maji, na pembeni bodi ya gari imebabuka rangi. Nilikaa kimya kidogo nikifikiria watu wanaopanda matola, hizi pikapu za abiria, juu ya magunia, na tangi la dizeli liko chini yao.

Kuna na hili, ambalo fundi wa Lilongwe hana sababu ya kulifikiria. Dizeli ya zamani ikishawaka, umeme inaouhitaji ni wa kukishikilia wazi kivalvu cha mafuta tu. Altaneta ikifa mchana, unaendelea mpaka nyumbani kwa kilichobaki kwenye betri. Ukiifungia feni ya umeme, altaneta ikifa na gari limekufa. Tangu 2023, wenzetu waliokuwa na maduka Lilongwe waliporudishwa kambini, bidhaa zote zinafuatwa mbali, na mtu mwenye kitambulisho cha ukimbizi kulala barabarani na mzigo wa watu ni jambo zito. Kwa sisi, gari la kutegemewa lina thamani kuliko gari la kubana mafuta.

Mtu asidhani nachukia umeme. Babu yangu mzaa mama alikuwa na Peugeot 404 ya turubai, na wazee wa Uvira watanishuhudia: gari lile, lililotoka 1960, lilikuwa na feni ya mkanda yenye sumaku ya umeme. Maji yakiwa baridi feni inaachwa, maji yakipata moto sumaku inainasa. Umeme kidogo wa kunasa, nguvu yote inatoka kwa injini. Babu alikuwa anazima redio akipanda mlima ili asikie ule mlio wa kunasa, na asiposikia anasimama, anamshusha mjukuu mmoja na kipande cha msasa akasugue kaboni. Wafaransa walilifikiria jambo hili vizuri sana. Na Demio kuwa na feni ya umeme ni sawa kabisa: injini yake imelazwa kwa upana, feni ya mkanda ingetazama tairi. Kila gari lina mpangilio wake, na feni ilikuwa sehemu ya mpangilio.

Aliyenituliza moyo ni kijana mmoja Mrundi, fundi wa hapahapa kambini, ana karakana ya mabati nyuma ya soko. Hakucheka mtu, hakulaumu mtu. Alisema tu, "Kaka, twende tutafute ya kwake." Tukazunguka Lilongwe kwenye zile yadi, na jinsi alivyochagua klachi nilitamani kila fundi wa Uvira awepo. Anaishika ikiwa baridi, anaisukuma feni kwa kidole. Ikizunguka bure bure, mafuta yamevuja, anairudisha. Ikigoma kabisa, imekwama, anairudisha. Anageuza, anapitisha kidole kuzunguka springi akitafuta ule weusi wa mafuta yaliyotoka. Muuzaji alianza kununa. Kijana hakujali. Mwishowe akapata moja kwenye Hilux iliyogongwa nyuma, ikakataa kidole kwa ule uzito laini anaoutaka, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Kilichonivutia zaidi ni kava. Fundi wa kwanza alikuwa ameikata kava ya rejeta kwa msumeno ili feni ya Demio iingie, na mimi ningeridhika kuiacha vile. Kijana akakataa. Bila kava, alisema, feni inavuta hewa ya pembeni, ile iliyokwisha kupata moto, badala ya kuivuta ipite kwenye rejeta. Akatoboa vitundu kwenye kingo mbili zilizokatwa, akazishona kwa waya wa shaba, mshono mmoja baada ya mwingine, jioni nzima, akiangazwa na simu ya mpwa wangu. Kisha, shemeji alipotoa pesa, akapokea nusu. Nusu nyingine, akasema, ataichukua gari likishashuka Salima na kupanda Mvera na mzigo. Nikasikia kama niko nyumbani.

Gari limeshuka, limepanda, mshale umekaa katikati, na kijana amelipwa.

Nilimtumia baba mdogo picha, kule Uvira. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti mrefu, anasikika ana hasira kuliko mimi. Klachi za mtumba haziaminiki, anasema, baada ya mwaka itavuja, toboeni mtie bolti, mlale usingizi. Nimemjibu kwa heshima kwamba hapana, baba, huku kuna tambarare ndefu ambako gari linakwenda kilomita 90 kwa saa, na feni iliyopigwa bolti kwa mwendo huo itamaliza pampu na dizeli ambayo tunaipangia foleni. Hajakubali. Ananiuliza kama nimesahau Ngomo.

Shemeji naye, feni ya Demio ameihifadhi chini ya kitanda. Jana ameniuliza kama haiwezi kufungwa mbele ya rejeta, iwe msaidizi. Nimemwambia feni ile ilitengenezwa kuvuta hewa ikiwa nyuma ya rejeta. Ukiiweka mbele itabidi ugeuze nyaya, na mapanga yake yamepinda kwa upande mmoja, yatapuliza kwa udhaifu na kuziba njia ya hewa. Akitaka msaidizi, atafute feni ya kusukuma, anunue na rilei, fyuzi, waya mnene wa milimita za mraba 4 na swichi inayojiwasha yenyewe kwa joto la maji. Vikishakuwa mezani vyote, kijana Mrundi ataamua kama inafaa.